Kizimba Kisikae Kitupu

Haya si ya zamani wala hayakutokea mbali. Yametokea juzi tu, katika nchi ambayo sitaitaja, kwa sababu jina lake linaruhusiwa kutajwa na wasemaji rasmi peke yao, nami si msemaji. Mimi napiga tarumbeta katika Bendi ya Taifa. Kazi yangu ni kuvuta pumzi waheshimiwa wanapoinuka na kuitoa wanapokaa, na hapo katikati nasikia mengi.

Nchi yetu ni nzuri sana, msije mkadhani nalalamika. Ina amani kiasi kwamba mtu akilia barabarani, polisi huja upesi kumuuliza anamharibia nani amani. Ilikuwa imebakiwa na tatizo moja tu, nalo ni unga. Sisemi unga wa ugali, huo haupatikani. Nasema ule mwingine, unaouzwa kwa kete, ambao hata maduka yote yakifungwa kwa maombolezo ya kitaifa wewe huukosi. Vijana wetu walikuwa wamejaa vibarazani, macho nusu, vichwa vimeinama, wakijikuna taratibu. Wageni walipouliza, Wizara ya Utamaduni iliwaambia kwamba vijana hao wako kwenye tafakuri.

Polisi walikamata sana. Lakini kesi zilipofika mahakamani zilikufa, kwa sababu mashahidi hawakutokea. Baadhi yao walikuwa wamehama mji na baadhi walikuwa wamehama dunia.

Ndipo Mwendesha Mashtaka Mkuu, Mheshimiwa Profesa Wakili Msomi Ngwamba Kilalo, aliporudi kutoka safari ya mafunzo ng'ambo, akatuita wote Uwanja wa Nidhamu kutupa habari njema.

"Ndugu wananchi!" alisema, na sisi wa bendi tukashusha vyombo. "Nani anayejua unga unaingiaje nchini? Ni bibi yangu kijijini? Siye! Anayejua ni yule anayeuingiza. Sasa mtu huyu tunamwita aje aseme, huku tumemsubiri mlangoni na pingu. Huo ni ustaarabu? Mgeni hupokewa kwa pingu?"

Watu wakacheka, maana walikuwa wameambiwa wacheke.

"Kuanzia leo, yeyote atakayekiri na kutoa ushahidi katika kesi ya dawa za kulevya atapewa kinga. Hatashtakiwa kwa alilolifanya, kwa analolifanya, wala kwa lile ambalo, kwa bahati mbaya, atakuja kulifanya!"

Nikapuliza. Siku ile nilipuliza kwa moyo wote, sikufichi. Nasikia kwingine wanamsamehe mdogo ili wampate mkubwa, na hilo lina maana yake. Lakini sisi ni watu wa heshima. Huwezi kumweka mkubwa apange foleni nyuma ya mdogo. Kwa hiyo kwetu walianza kusamehewa wakubwa, na wadogo wakaambiwa wawe na subira.

Tena kinga lazima ionekane kwa macho. Hazina wakakumbuka kwamba ghalani kuna marobota ya utepe wa kijani, ulionunuliwa kwa ajili ya kuzindulia madaraja. Madaraja yalizinduliwa yote, hayakujengwa, na utepe ukabaki. Ikaamuliwa kila anayepewa kinga avishwe kipande cha utepe huo, kutoka bega hadi kiunoni, na bendi ipige.

*

Redio nayo ilitangaza, ila siku hiyo kulikuwa na matangazo mengi ya biashara, mtangazaji akafupisha. Alichosema ni hiki tu: "Serikali yaanza kutoa kinga ya dawa za kulevya. Wananchi wafike mapema."

Jirani yangu, Mama Shaweji, alikuwa uani kwake anafua. Yeye ni dobi. Jina lake la kuzaliwa ni Sikudhani, ingawa nani tena anamwita hivyo. Alikuwa akisikiliza redio yangu kupitia ukutani, kwa sababu yake ilikwisha kuuzwa na mwanawe. Shaweji alikuwa fundi redio, kijana mwenye vidole vyepesi, redio iliyozikwa angeiamsha. Halafu akaonja unga. Akauza vifaa vyake, akauza redio za wateja, akamaliza na sufuria za mama yake. Mama hakuwahi kumfukuza. Alikuwa akienda kumzoa vibarazani kila jioni, akimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa chekechea.

Alinijia na mapovu mikononi. "Baba Tausi, umesikia? Wameleta kinga."

"Nimesikia, mama. Lakini nadhani si kinga ya namna..."

"Mimi Shaweji nilimchanja surua, hakuugua. Nilimchanja ya pepopunda. Yaani zote nilimpeleka mwenyewe, sikukosa hata moja. Ingekuwepo hii mapema!"

Alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu sufuria ziondoke, kwa hiyo sikumsahihisha.

Asubuhi yake bendi ilikuwa kazini mbele ya Ofisi ya Kinga, kwa hiyo niliyaona yote. Upande wa kushoto lilikuwa limepangwa jeshi la akina mama, kila mmoja amemkamata mwanawe kifundo cha mkono. Wengine walikuja na watoto wenye ndevu. Walikuwa wamewavisha mashati ya mikono mifupi ili sindano isipate shida. Upande wa kulia yaliegeshwa magari marefu yenye vioo vyeusi, na kila gari lilipofunguliwa mlango tulipiga wimbo.

Ofisa wa Kinga, Bwana Mkwiche, alitoka nje akashangaa. Aliyekuwa mbele ni Mama Shaweji.

"Mama, hii ni kinga ya kutoshtakiwa."

"Ndiyo, baba. Na ile ya unga iko dirisha lipi?"

"Ya unga haipo."

"Redio imesema."

"Redio imefupisha."

"Sasa mbona wale wanapewa?" Alinyoosha kidole kwenye magari.

"Wale ni mashahidi, mama. Wanajua unga unakotoka."

"Na sisi tunajua unakofikia," Mama Shaweji akasema. Hakuwa anatania. Alimsogeza mwanawe mbele ili Bwana Mkwiche aone vizuri. Shaweji alikuwa anatetemeka, kamasi zinamtoka, meno yanagongana juani. Alikuwa kwenye arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, maana mama yake alimkataza kugusa kitu asije akachanganyika na kinga.

Bwana Mkwiche alimtazama kidogo, halafu akatazama saa yake. "Unakofikia si sehemu ya sheria hii," akasema. "Tawanyikeni, mnazuia magari."

Akina mama hawakupiga kelele. Walishusha mikono ya mashati ya watoto wao, wakaondoka mmoja mmoja, na sisi ikabidi tuendelee kupiga kwa sababu gari jingine lilikuwa linaingia. Nilisikia Shaweji akimwambia mama yake, "Basi, mama, usilie. Kinga haipo, lakini nitajaribu hivyo hivyo."

Na alijaribu kweli. Alijifungia chumbani. Mtaa mzima tulimsikia akigumia, akimwita mama yake, akimtukana, akimwomba radhi. Mama alimnywesha uji kwa kijiko. Ikafika asubuhi moja akatoka, amekonda, akaketi uani kwenye jua na kuniomba nimpe redio yangu aifungue aone kama vidole vinakumbuka. Aliniharibia redio, lakini sikumwambia kitu. Nilifurahi kupita kiasi.

*

Sasa, Mama Shaweji alikuwa akifua mapazia ya Bwana Farahani Tundui. Bwana Tundui ni mtu mkubwa. Ana nyumba ya wageni yenye ghorofa, na anaingiza mapazia kutoka nje kwa makontena, ijapokuwa madirisha ya nchi nzima hayafiki kontena moja. Watu walikuwa wakisema ni mtu anayependa faragha.

Siku moja mfanyakazi wake mpya alikosea, akamletea dobi mapazia yaliyoshuka bandarini usiku wa kuamkia hapo. Mama Shaweji aliyalowesha, akayasugua, akayakamua, akayaanika. Yakakauka juu, lakini chini yakawa mazito vile vile. Akafumua pindo. Ndani kulikuwa na kete zimefungwa kwa nailoni, zimepangwa vizuri, mstari mzima.

Chumba cha pili Shaweji alikuwa amelala. Mama aliniambia baadaye kwamba hakumwogopa Bwana Tundui, wala hakuwaza polisi. Alichowaza ni mwanawe asije akanusa. Alifunga kila kitu ndani ya kanga, akajitwika, akaenda kituoni mbio kama mtu anayewahi kutupa kaa la moto.

Pale mezani alikuwepo Afande Songoro.

"Mapazia ya nani haya?"

"Ya Bwana Tundui."

Afande alisimama, akapiga saluti, akaketi. Hiyo ni mazoea tu, hata sisi wa bendi tunayo. "Sawa, mama. Umefanya vizuri. Wewe sasa ni shahidi, na shahidi wa unga lazima awe na kinga. Kosa lako ni lipi?"

"Kosa?"

"Katika biashara hii. Ulikuwa unashona, unabeba, unauza?"

"Nafua."

"Hilo si kosa."

"Basi sina."

Afande Songoro akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu mpole, alitaka kumsaidia kwa dhati. "Fikiri vizuri, mama yangu. Kinga inamkinga mtu na kosa lake. Sasa wewe kama huna kosa, hiyo kinga nitaifunga wapi? Hujawahi hata kumpa mwanao hela akanunulia?"

"Aliiba."

"Ona sasa. Hata hapo hukusaidia." Akapumua. "Nenda nyumbani ukatafute. Hata dogo."

"Baba, mimi nimelea, nimefua nguo za watu, nimezika mume. Kosa la kukuletea wewe nitalipata wapi!"

"Basi utaingia mahakamani mkavu," Afande akasema kwa huruma, akachukua kete azihifadhi. Kufika jioni zilikuwa zimepungua, kwa sababu ya joto.

*

Bwana Tundui alipata habari hata kabla kanga ya Mama Shaweji haijarudi nyumbani. Asubuhi alikuwa wa kwanza Ofisi ya Kinga. Tulimpigia wimbo mzima, na akatoa hotuba, mkono kifuani juu ya utepe.

"Kwa muda mrefu nimeishi na siri hii kwa uchungu," alisema, "uchungu mkubwa, hasa pale bandarini. Leo nimeamua kuwa mzalendo. Natoa ushahidi dhidi ya mtu mbaya sana, ambaye ni dereva wangu."

Dereva alikuwa nje anafuta gari. Alipoitwa alikimbilia dirishani, akakiri, akavishwa utepe, akamtaja fundi cherehani aliyeshona pindo. Fundi akakiri, akamtaja bwana forodha. Bwana forodha akakiri kwa Kiswahili fasaha mno, akavishwa, akamtaja Afande Songoro, ambaye kumbe alikuwa tayari amesimama kwenye foleni. Ilikuwa siku njema kwa taifa. Midomo yangu ilivimba. Utepe ulipoelekea kwisha, wakaanza kuukata vipande vyembamba.

Mheshimiwa Kilalo alitoka akiwa na machozi ya furaha, akawaambia waandishi wa habari kwamba haijapata kutokea kesi moja ikawa na mashahidi wengi hivi, tena wote wenye kujua wanachosema.

*

Siku ya kesi bendi iliwekwa ndani ya mahakama, pembeni, endapo kungetokea mtu wa kupewa kinga papo hapo. Wafadhili nao walikuwepo. Walikuwa wametoa fedha za sheria ile na walitaka kuiona ikifanya kazi, kwa hiyo walikuja na kamera. Mashahidi walijaza viti vya mbele, kijani kitupu. Mama Shaweji aliketi nyuma karibu nami, amevaa gauni la msibani, akisubiri kuitwa. Alijua ameitwa kueleza habari ya mapazia.

Jaji Lumuli, mzee mwenye miwani mizito, alifunua faili, akatazama huku na huku.

"Mshtakiwa yuko wapi?"

Mheshimiwa Kilalo akainuka. "Mheshimiwa Jaji, upande wa mashtaka una furaha kuieleza mahakama kwamba mashahidi wote wamefika."

"Nimewaona. Nauliza mshtakiwa."

Mheshimiwa Kilalo aligeuka kuwatazama watu wake. Wote walikuwa na utepe. Alipekua makaratasi, akamnong'oneza Afande Songoro, Afande akamnong'oneza bwana forodha, na yule akatazama dari. Kizimba kilikuwa kitupu. Kamera moja ya wafadhili ilianza kukisogelea.

Karani wa mahakama, kijana mwenye adabu, alishuka haraka hadi nyuma na kuinama mbele ya Mama Shaweji.

"Shikamoo, mama. Samahani, hebu kaa pale kidogo."

"Marahaba. Pale kizimbani?"

"Kidogo tu. Kisikae kitupu, wageni wanapiga picha."

"Mwanangu, pale si pa mshtakiwa?"

"Ni kiti tu, mama. Akipatikana mwenyewe, utampisha."

Nyinyi mnaosoma mtasema mngekataa. Mimi nawajua watu wetu. Ukimwamkia mtu, ukainama, ukamwambia samahani, ukamwambia kidogo, atakupa hata figo. Mama Shaweji alitafuta ndara zake chini ya benchi, akaenda, akapangusa kiti kwa upindo wa kanga, akakaa. Kamera zikalia. Mheshimiwa Kilalo akapumua kwa sauti.

Kesi ikaanza. Bwana Tundui akaulizwa, unga ule alikutwa nao nani? Akasema kweli tupu: alikutwa nao yule mama. Fundi cherehani akaulizwa, nani aliyefumua pindo? Yule mama. Afande Songoro akaulizwa, nani aliyeubeba kichwani na kupita nao barabarani? Yule mama. Kila mmoja alinyoosha kidole, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Hilo ndilo lililonitia hofu. Kufika saa ya chai karani alikuwa akimwita mshtakiwa, bado kwa adabu ile ile.

Mama Shaweji akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Jaji, mimi nimekalishwa tu hapa."

Jaji Lumuli alimtazama juu ya miwani. "Mshtakiwa, wote waliowahi kukaa hapo husema hivyo hivyo."

*

Wakati wa mapumziko walimweka kwenye chumba kidogo nyuma, na bendi hunywea chai kwenye ujia wa hapo. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mheshimiwa Kilalo aliingia amebeba kipande cha utepe mkononi.

"Mama, sisi si wanyama," alisema. "Hata mimi nasikitika. Kiri tu, mtaje mmoja, tukuvishe hiki, uende nyumbani ukapike."

"Nimtaje nani? Wote mmekwisha kuwavisha."

"Si wote. Mwanao hana."

Nilishika kikombe changu bila kunywa.

"Mwanangu hajagusa," Mama Shaweji akasema. "Tangu ile foleni yenu. Muulize Baba Tausi huyo hapo nje."

"Lakini aligusa zamani. Sheria haina haraka, mama. Utasema kete zilikuwa zake, umezikuta chumbani kwake. Nani atabisha? Ni teja."

"Mkimfunga atakwenda kuupata huko huko. Gerezani unga umejaa kuliko mtaani."

"Hilo ni la wizara nyingine."

"Baba," Mama Shaweji akamwuliza, "wewe mama yako yupo?"

"Marehemu."

"Mungu amrehemu. Nami niacheni nikae pale pale."

Mheshimiwa Kilalo alitoka akakunja utepe vizuri, akautia mfukoni. Aliniona, akaniambia kwamba kazi ya kuwasaidia wananchi ni ngumu kwa sababu wananchi hawasaidiki. Nikasema ndiyo, Mheshimiwa. Nilisema ndiyo, kisha nikaimwaga chai yangu.

Jioni nilimweleza Shaweji kila kitu. Nilidhani ana haki ya kujua. Alinisikiliza huku akizungusha bisibisi vidoleni, akaniuliza kama ninaweza kumwazima shati.

*

Siku ya hukumu alikuja amenyoa, amelivaa shati langu la bendi nililoliondoa vifungo vya dhahabu. Hakuna aliyemtambua. Jaji alikuwa ameanza kusoma pale Shaweji aliposimama katikati ya watu.

"Ule unga ni wangu!" alisema kwa sauti. "Niliushona mimi, niliutia mimi kwenye mapazia. Mama yangu hajui kitu. Mwacheni aende, mnifunge mimi."

Mama yake akaruka pale kizimbani. "Mwongo! Mheshimiwa, anadanganya huyo! Mtoto wangu hajui hata kushika sindano! Shaweji, kaa chini, nakwambia kaa chini!"

"Nifungeni mimi," Shaweji alikuwa akirudia. "Nakiri. Andikeni nimekiri."

Jaji Lumuli aliweka karatasi chini, akamgeukia Mheshimiwa Kilalo. Nilimwona yule mzee akimeza mate. Kwa mara ya kwanza nilidhani huenda kuna mtu ndani ya lile joho.

"Upande wa mashtaka unasemaje?"

Mheshimiwa Kilalo alikuwa anang'aa. "Mheshimiwa Jaji, kijana amekiri kwa hiari yake. Tena ameieleza mahakama kwamba unga ulikuwa nyumbani kwa mshtakiwa, jambo ambalo lilikuwa halijathibitishwa na mtu wa nyumba ile. Huu ni ushahidi katika kesi ya dawa za kulevya. Kwa mujibu wa sheria, anakingwa tangu neno la kwanza lilipomtoka mdomoni." Akachomoa utepe mfukoni.

"Sitaki kinga!" Shaweji akapiga kelele. "Mmenisikia? Sitaki! Mimi ndiye mkosaji!"

"Na ndiyo maana unaipata," Mheshimiwa Kilalo akamwambia kwa upole.

Askari wawili walimshika mabega, si kwa ukali, kama wanavyoshikwa maharusi wenye aibu, na utepe ukafungwa juu ya shati langu. Kiongozi wa bendi akainua fimbo. Wenzangu wakainua vyombo. Mimi nilitazama tarumbeta yangu, nikawaza kuiangusha. Nina wake wawili na watoto saba, na nyumba ninayokaa ni ya serikali. Nilipuliza. Sauti ilitoka safi kabisa, na hiyo ndiyo aibu yenyewe, kwamba ilitoka safi.

Wafadhili walipiga makofi.

Halafu Jaji Lumuli akasoma alichokwisha kukiandika. Kifungo cha maisha. Akaongeza kwamba mahakama imezingatia umri wa mshtakiwa, na kwa hiyo inaamini adhabu hiyo haitakuwa ndefu. Mama Shaweji hakulia. Alikuwa akimtazama mwanawe, akimwonyesha kwa mkono ajifute pua.

*

Nje lori la gereza lilikuwa limewashwa. Walimpandisha mama nyuma, kwenye wavu. Shaweji alikimbia, akadandia chuma cha nyuma, akaweka mguu mmoja juu.

"Mheshimiwa Shahidi, tafadhali shuka," askari akamwambia. Alimpigia na saluti.

"Nipeleke na mimi."

"Haiwezekani, mkuu. Huna kosa."

"Ninalo!"

"Hutakuwa nalo tena maisha yako yote," askari akasema, na nilisikia wivu kidogo katika sauti yake. Akambandua vidole, kimoja kimoja, akamshusha chini taratibu asichafuke.

Alibaki katikati ya ua. Sasa mchana ulikuwa umekwisha na alianza kutetemeka. Sijui kama ni kilio au ni ile hali yake, maana huwa inarudi mtu akipata pigo, wenyewe wanasema hivyo. Bwana Tundui alikuwa hatua chache tu, amesimama kando ya gari lake, mlango wa nyuma uko wazi. Alikuwa amemwona. Mtu ambaye anaweza kubeba chochote, kupita popote, na asikamatwe na yeyote hadi kufa kwake, si mtu wa kuachwa atembee kwa miguu.

"Njoo, mwanangu," Bwana Tundui alimwita. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mzazi kabisa. "Unaumwa. Ndani kuna ubaridi. Na dawa ipo."

Lori likaanza kuondoka. Mama Shaweji alijibanza kwenye wavu, vidole vimetokeza nje, akapiga kelele ambayo sikuwahi kumsikia akiipiga hata siku walipomzika mumewe.

"Shaweji! Usipande gari la mtu! Nenda na Baba Tausi! Unanisikia? Nenda na Baba Tausi!"

Nilitupa tarumbeta chini nikamkimbilia. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita mwanangu, nikamwambia twende nyumbani, uji upo. Alilitazama lori mpaka lilipokata kona. Kisha akajikumbatia, meno yanagongana, akainamisha kichwa asigonge mlango, akapanda.